Greene Vardiman Black, daktari wa meno aliyeyafuata meno kama yetu



Kila mwaka kijitabu chetu cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja aliyetangulia. Tumezoea kusoma habari za watu wetu wenyewe: walimu, wachungaji, wakunga, na wazee waliosimama na Kirilo Japhet wakati kesi ya ardhi ya Wameru ilipofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mwaka huu kamati imenipa kazi hii kwa sababu ya jambo tunalolichangia, yaani maji ya shule na kiti cha daktari wa meno katika kituo chetu cha afya, na kwa sababu nimefanya kazi ya vinywa vya watu kwa miaka mingi kuliko ninayopenda kuihesabu. Nimemchagua mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Arumeru wala kusikia jina lake. Atakayejiuliza Mmarekani wa karne iliyopita anahusiana nini na sisi, namwomba avumilie mpaka nifike kwenye habari ya Colorado. Kabla ya kufika huko, lazima nimweleze mtu mwenyewe, maana bila kujua alivyokuwa hutaelewa kwa nini alifunga safari ile akiwa mzee.

Greene Vardiman Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836 karibu na mji mdogo wa Winchester, katika jimbo la Illinois. Wazazi wake, William na Mary, walikuwa wakulima, na nchi ile wakati huo ilikuwa mbuga na misitu iliyokuwa ikianza tu kufunguliwa. Shule hakuipenda. Miezi yote aliyokaa darasani katika utoto wake, ukiijumlisha, haifiki miaka miwili. Muda wake aliupitisha porini na mitoni, akiangalia wanyama na mimea, akivua samaki, akitengeneza vitu kwa mikono. Wazazi wa siku hizi wangemwita mtoro, na pengine hata wa siku zile walimwita hivyo. Lakini mtoto huyo alikuwa na tabia moja iliyomfuata hadi kaburini: alikuwa haridhiki kuambiwa kitu kiko namna fulani, mpaka akakiona na akakipima.

Alipofikisha miaka kumi na saba alikwenda kukaa na kaka yake Thomas, aliyekuwa tabibu katika mji wa Clayton. Siku zile udaktari ulisomwa kwa kukaa na daktari, kumbebea mkoba na kusoma vitabu vyake usiku. Black alisoma hivyo. Kisha mwaka 1857 akakutana na daktari wa meno aliyeitwa Speer, katika mji wa Mount Sterling, akakaa naye kwa muda mfupi sana akijifunza kung'oa, kuziba na kutengeneza meno ya bandia. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake yote ya meno. Mwaka huohuo, akiwa na miaka ishirini na mmoja, akarudi Winchester na kufungua chumba chake cha kazi.

Tusimcheke. Hivyo ndivyo kazi ya meno ilivyokuwa duniani kote, na kwetu pia wazee wanakumbuka fundi wa kijiji aliyekuwa na koleo na maji ya chumvi. Daktari wa meno alikuwa fundi. Kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake wa kuzibia, na aliuficha kama mganga anavyoficha mizizi yake. Majina ya vifaa yalitofautiana mji kwa mji. Jino moja likizibwa na watu watatu lilizibwa kwa namna tatu, na yote matatu yangeweza kufunguka kabla ya mwaka kwisha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimkuta akiwa kijana mwenye mke. Alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, akaumia goti, akalazwa hospitali na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Miaka ile ilikuwa ya msiba kwake. Mke wake wa kwanza, Jane, alifariki akiwa bado kijana, akamwachia mtoto mdogo wa kiume, Carl, aliyezaliwa mwaka 1862. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu huyu tunayemwona kwenye picha akiwa na ndevu nyeupe na sura ya profesa, alianza miaka yake ya thelathini akiwa amepita vitani, mguu una maumivu, mke amezikwa, na mtoto anahitaji kulelewa. Mwaka 1864 akahamia Jacksonville, mji mwingine wa Illinois usio mbali, akaanza upya. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth Davenport, na pamoja wakajenga familia. Katika nyumba hiyo alizaliwa Arthur mwaka 1870, ambaye habari zake nitazirudia.

Jacksonville ndipo alipofanya kazi zake nyingi kubwa, na ni jambo la kutafakari, kwa sababu haukuwa mji mkuu wala mji wa chuo kikubwa cha tiba. Alikaa pale zaidi ya miaka thelathini. Mchana aliwatibu wagonjwa, kwa kuwa alikuwa na familia ya kulisha, na jioni aliingia kwenye chumba chake chenye darubini na vifaa alivyojitengenezea. Watoto wake walikua wakimwona baba yao akifanya kazi hivyo, yuko nyumbani lakini macho yako kwenye darubini. Mwenye mke mvumilivu ndiye anayeweza kuishi namna hiyo, na sidhani Elizabeth amepewa sifa anazostahili katika vitabu.

Nieleze sasa kazi zenyewe, nikianza na ile ambayo wengi wetu tunaitembeza kinywani. Mtu yeyote aliyezibwa jino la nyuma katika hospitali zetu miaka ya nyuma aliwekewa kitu cha rangi ya fedha. Ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa madini, hasa fedha na bati. Kabla ya Black mchanganyiko huo ulikuwa wa kubahatisha. Mwingine ulisinyaa ukikauka na kuacha mwanya ambao chakula kiliingia, jino likaendelea kuoza chini kwa chini. Mwingine ulivimba na kulipasua jino. Madaktari waligombana kwa miaka mingi, wengine wakitaka upigwe marufuku kabisa. Black hakuingia katika ugomvi. Alitengeneza vyombo vya kupima mabadiliko madogo mno ya ukubwa, akachanganya madini kwa viwango mbalimbali, akapima, akaandika, akapima tena. Akagundua hata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: unga uliokatwa leo haufanyi kazi sawa na unga uleule uliokaa, kwa hiyo watu wawili waliotumia kipimo kimoja walipata matokeo tofauti na kila mmoja akamwona mwenzake mwongo. Mwaka 1895 na 1896 alichapisha matokeo yake, na mgawanyo wa madini alioupendekeza ulibaki msingi wa kuzibia meno kwa miongo mingi baadaye. Siku hizi dunia inaiacha kazi hiyo polepole kwa sababu ya zebaki, na ni sawa iachwe. Lakini mamilioni ya watu walikufa wazee na meno yao kwa sababu yake.

Ya pili ni majina. Inaonekana jambo dogo. Black aliona kwamba watu wa kazi moja wasipokuwa na lugha moja hawawezi kufundishana. Akapanga majina ya pande zote za jino, akavipa vifaa namba zinazoeleza upana na pembe ya ncha, na akagawa matobo ya meno katika makundi matano kufuatana na mahali yanapoanzia. Mwaka 1893, madaktari wa meno wa nchi nyingi walipokutana Chicago, aliwasilisha taarifa yake kuhusu majina hayo. Mwanafunzi wa meno pale Muhimbili leo anasema tobo la kundi la kwanza au la pili, na mwenzake wa Tokyo anamwelewa. Wengine hawajui kwamba wanasema maneno ya mkulima asiyemaliza shule.

Alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kutengeneza mashine ya kutobolea meno inayoendeshwa kwa mguu, kama cherehani. Alitengeneza chombo cha kupimia nguvu ya kung'ata. Mwaka 1884 aliandika kitabu kuhusu vijidudu na sumu zinazotoka kwao, wakati madaktari wengi bado walikuwa wakibishana kama vijidudu husababisha magonjwa. Alieleza jinsi utando wa vijidudu unavyong'ang'ania juu ya jino na kulila kwa tindikali. Ndiyo maana tunawaambia watoto wapige mswaki: sababu si harufu peke yake, ni ule utando.

Vyuo vikaanza kumtafuta. Missouri walimpa shahada ya heshima ya meno mwaka 1877, akiwa ameshawafundisha wenye shahada kwa miaka. Mwaka 1897 aliitwa Chicago kuwa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, na akashika kazi hiyo mpaka alipofariki. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake kikubwa cha tiba ya meno, juzuu mbili, kilichosomwa na wanafunzi kwa miaka mingi sana. Na katika hayo yote, akiwa bingwa wa kuziba, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba watakuja kuona siku ambayo kazi ya daktari wa meno itakuwa kuzuia ugonjwa zaidi ya kurekebisha ulichoharibu. Fikiria fundi bingwa wa magari anayewaambia vijana wake kwamba lengo ni gari lisije gereji.

Sasa nifike Colorado.

Mwaka 1901 kijana mmoja, Frederick McKay, aliyekuwa ametoka chuo mwaka mmoja tu uliopita, alifungua chumba cha meno katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima mirefu ya magharibi mwa Marekani. Akakuta watu wana meno ya ajabu. Wengine yalikuwa na mabaka meupe kama chokaa, wengine yalikuwa ya kahawia, rangi ya chai iliyokolea, na wengine yalikuwa na vishimo. Akatafuta katika vitabu vyake, hakuona kitu. Akawauliza madaktari wenyeji, wakampuuza, kwa sababu walikuwa wamezoea. Watu wa mji walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni kula nguruwe mno, wengine walisema ni maziwa mabaya, wengine walisema maji yana chokaa.

Ndugu msomaji, bila shaka umeshatambua ninazungumza juu ya nani. Mimi nilipokwenda sekondari mbali na nyumbani, siku ya kwanza bwenini, nilipocheka mara moja tu, mtu nisiyemjua aliniuliza kama natoka Arusha. Sikucheka tena muhula mzima. Nina picha ya darasa letu ambamo wenzangu wote wanaonyesha meno na mimi nimefunga mdomo kama mtu aliyefiwa. Kila mmoja wetu ana picha kama hiyo. Nasi tulikuwa na maelezo yetu: kwamba ni ukoo, kwamba ni uchafu, kwamba ni kutafuna kitu fulani utotoni. Akina mama wengi wamelaumiwa bure kwamba hawakuwapigisha watoto mswaki.

McKay aliamua kumwandikia mtu mmoja tu ambaye alidhani angejua, naye ni Black wa Chicago. Na Black mwanzoni hakuamini. Yeye aliyekuwa amesoma kila kilichoandikwa juu ya meno aliona haiwezekani ugonjwa wa namna hiyo uwepo na usiandikwe popote. Ninapenda sehemu hii ya maisha yake kuliko zote, kwa sababu mkubwa alikuwa amekosea na mdogo alikuwa sahihi, na mkubwa akakubali. McKay na wenzake walifanya alichokuwa Black mwenyewe akikifundisha: walihesabu. Walipima watoto 2,945 wa shule za mji, wakakuta kwamba kati ya waliozaliwa pale karibu tisa katika kila kumi walikuwa na madoa. Na mwaka 1909 mzee huyo wa zaidi ya miaka sabini, aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kitini kwake Chicago apokee heshima, akapanda treni kwenda milimani kuangalia vinywa vya watoto.

Alichokiona kilimshtua. Akaifanya kazi hiyo kuwa yake kwa miaka sita iliyobaki ya maisha yake. Alikata vipande vyembamba vya meno yenye madoa akaviweka chini ya darubini, akaona kwamba gamba la nje la jino halikukamilika tangu lilipokuwa likijengwa, maana kile kinachogandisha vijiti vidogo vya gamba hilo pamoja kilikosekana. Maana yake ilikuwa wazi. Doa halitoki nje kuja kwenye jino. Jino linazaliwa nalo. Mswaki hauliondoi kwa sababu si uchafu, na mtoto hana kosa wala mama yake hana kosa. Pamoja na McKay walithibitisha kwamba mtu mzima aliyehamia pale meno yake yakiwa yameshakomaa hapati madoa, bali anayepata ni mtoto anayekulia pale. Na waliona jambo la tatu lililowachanganya: meno hayo mabaya kwa sura hayakuwa yakioza kwa urahisi. Walitazamia kwamba gamba lenye kasoro lingeoza haraka, na halikuoza.

Walishuku maji. Lakini kila walipoyapima kwa njia za wakati ule hawakuona cha kulaumu. Tarehe 31 Agosti 1915 Black akafariki akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Jacksonville, mji alioishi na kulea watoto wake. Andiko lake kuhusu meno yenye madoa, aliloliandika kwa kushirikiana na McKay, lilichapishwa mwaka 1916 yeye akiwa kaburini. Sababu ya madoa hakuijua.

Waliobaki waliiendeleza. Mwaka 1923 McKay aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walikuwa wameona watoto wao wakiota meno ya kahawia tangu mji ulipovuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. McKay hakuwa na jina la sumu, lakini alikuwa na ushahidi wa kutosha kusema waache bomba lile na watumie chemchemi nyingine. Wakakubali. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno meupe. Naomba wajumbe wa kamati ya maji wasome habari hiyo mara mbili: watu wa Oakley hawakungoja mpaka kila kitu kijulikane. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, akiyapima maji ya mji wa Bauxite kwa njia mpya, aliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta, nacho ni floraidi kwa kiwango kikubwa. McKay akamtumia maji ya Colorado na kwingineko, na jibu likawa lilelile. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba floraidi kidogo, kiasi cha miligramu moja katika lita, huyalinda meno yasioze bila kuyaharibu sura. Ikizidi sana huyatia madoa, na ikizidi zaidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuongeza floraidi kidogo katika maji yake. Dawa ya meno unayonunua dukani ina floraidi kwa sababu ya safari ile ya mzee Black kwenda Colorado.

Kwetu hakuna haja ya kuongeza. Mlima Meru ni volkano, na maji yakipita katika miamba na majivu yake hubeba floraidi mpaka mabondeni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita, na vyanzo vingi kwetu vinakipita mbali. Watu wa Maji ya Chai hawahitaji kuelezwa. Wapo wazee, na inauma zaidi kwamba wapo hata watoto, ambao miguu imepinda na mgongo umekakamaa. Hilo haliishii kwenye picha za shule.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Nalisema kwa sauti kwa sababu wengi wetu tuliofundishwa kuchemsha, na tukafundishwa vizuri, tunadhani yakichemka yameponywa. Yakichemka sana maji hupungua na floraidi hubaki, kwa hiyo huongezeka. Magadi tunayotia kwenye makande na maharagwe ili yaive haraka nayo yana floraidi, na mengine ni nyingi sana. Maji ya mvua hayana. Maziwa ya mama yana kidogo mno hata kama mama anakunywa maji ya bomba letu. Na miaka ya hatari kwa meno ni ile ile Black na McKay waliyoiona, tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi. Mtoto wa darasa la kwanza anakunywa leo sura atakayocheka nayo harusini. Pale Ngurdoto, wataalamu wa kituo cha kuondoa floraidi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ukichomwa kwa kiwango kinachotakiwa na kuwekwa kwenye chujio, huinasa floraidi. Mifupa tunayo. Kinachohitajika ni kuichoma vizuri na kuibadilisha kabla haijachoka, na hapo ndipo miradi mingi hukwama, maana chujio hupokelewa kwa ngoma na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka kubadilisha mkaa.

Nimeahidi kurudi kwa watoto wake. Carl, yule aliyefiwa na mama akiwa mdogo, alikuwa daktari wa upasuaji na alifanya kazi Jacksonville, mji wa baba yake. Arthur alifuata meno. Alifundisha chini ya baba yake, na baadaye akawa mkuu wa shule ileile ya Northwestern mpaka alipofariki mwaka 1937. Kitabu kikubwa cha baba yake alikitunza kama shamba la urithi: alikipitia, akaongeza mapya, akakitoa tena na tena kikiwa na jina la mzee. Carl na mkewe Bessie waliandika maisha ya mzee na ya Arthur pamoja, katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Ni nadra mtu aliyeshinda usiku na darubini awe na watoto wanaompenda kiasi hicho. Nimewaona mabingwa wengi ambao watoto wao hawataki hata kusikia jina la kazi ya baba. Kama kuna siri katika nyumba ile, nadhani ni kwamba Black hakuificha kazi yake. Chumba cha darubini kilikuwa humohumo nyumbani, na mwenye kutaka kuchungulia alichungulia.

Madaktari wa meno wa Marekani walimjengea sanamu Chicago, katika bustani ya Lincoln Park, mwaka 1918. Ameketi kitini.

Kwa upande wetu, michango ya mwaka huu inakwenda kwenye matangi ya maji ya mvua katika shule zetu za msingi, tukianza na madarasa ya chini, na kwenye kiti cha daktari wa meno. Kiti kitasaidia wenye maumivu leo, matangi ni kwa ajili ya wale ambao meno yao bado yamo ndani ya ufizi. Wanaotuma kutoka mbali waendelee kutumia utaratibu wa kamati waliouzoea.

Na jambo moja la mwisho, ambalo halihitaji fedha. Hatutaki kujenga kwa kubahatisha. Kila atakayekuja nyumbani Desemba aje mkutanoni na maji ya kunywa ya kwao, lita moja, katika chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayohayo, isiwe ya glasi. Juu yake aandike kijiji, kitongoji, kama ni bomba, kisima, mto au chemchemi, na tarehe aliyochota. Meza ya kupokelea chupa itakuwa karibu na mlango, mkono wa kushoto, na nitakuwepo pale tangu saa tatu asubuhi.